Sentensi Niliyoikata kwa Wino Mwekundu

Ngamiani, Tanga
Baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Mwantumu,

Barua za kwetu huanza na salamu za ukurasa mzima: mimi mzima, jirani mzima, mbuzi mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Hii nitaianza vibaya, kwa kuwa wewe hujawa mbali bado. Umetoka sasa hivi na shangazi yako kwenda kuwaaga majirani, na hapa nilipoketi nasikia sauti yake kwenye kibaraza cha pili akieleza kwamba chuo cha ualimu hakichukui kila mtu. Kwa ninavyomjua dada yangu na vibaraza vya watu, nina nafasi ya kuandika mpaka magharibi.

Mambo ya blanketi, ya kwinini, na ya kutolala na nywele mbichi kwenye baridi ya bara amekwisha kukueleza yeye, ambaye bara hajafika. Sitayarudia. Mimi nataka kukuandikia habari ya neno moja la Kiingereza.

Najua unacheka. Huyu baba, hata siku ya kuagana anafundisha! Cheka tu, lakini usiiweke barua chini. Nimefundisha Kiingereza miaka ishirini, na neno hili moja sikulijua, ingawa niliwachapa watoto wa watu kwa kutolijua.

Neno lenyewe ni "release". Nilikufundisha mwenyewe ulipokuwa darasa la tano, umeketi mstari wa mbele na wasichana wenzako watatu, na nyuma yenu wavulana wamejaa. Unakumbuka desturi yangu: kitenzi kipya nakiandika ubaoni, chini yake maana, chini ya maana mifano mitatu. Siku ile niliandika kwamba ni kuachia kitu ulichokishika, au kumfungua aliyefungwa, au kumpa mtu ruhusa aende zake. Askari amwachie mfungwa, dereva aachie breki, mwalimu awaachie wanafunzi kengele ikilia. Halafu nikasema, na nilijiona fundi kweli, kwamba kitenzi hiki kinataka mkono. Asiyeshika kitu hana cha kuachia.

Nikawataka kila mmoja aandike sentensi yake. Karibu nyote mlimwachia mbuzi. Nilipokuwa nasahihisha nilicheka peke yangu, maana kwa madaftari yale hakukubaki mbuzi aliyefungwa Tanga nzima. Kisha nikafika kwenye daftari lako. Uliandika kwa ule mwandiko wako wa kulala, "My father does not release my mother." Baba yangu hamwachii mama yangu.

Mwantumu, niliitazama sentensi ile nikiitafutia kosa. Nilitazama herufi kubwa, nikatazama nukta, nikatazama kitenzi, nikatazama mpangilio. Haikuwa na kosa. Ilikuwa sentensi bora kuliko zote za siku ile. Nikachovya kalamu kwenye wino mwekundu nikaikata, nikaandika pembeni, "Toa mfano mwingine." Kesho yake ukaleta mbuzi kama wenzako, nami nikakupa tiki.

Hatukuizungumza hata siku moja. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Tangu hapo uliniandikia insha nzuri sana za soko, za mvua, za faida ya mnazi, wala hukuniandikia tena jambo la nyumbani kwetu. Nilijiambia umekua, umepata adabu. Ukweli ni kwamba nilikufunga mdomo kwa wino wa serikali.

Sasa acha nikueleze yale ambayo sentensi yako iliyajua na mimi nikayakataa. Mengine uliyaona kwa macho ya mtoto, mengine hukuambiwa na mtu, maana mama yako si mwanamke wa kumsema mume kwa mtoto wake. Hiyo ni sifa yake. Mimi sikuwa nayo.

Ulikuwa na miaka sita. Tulikuwa tumeshahama Pangani, nilikomwoa mama yako, nikaletwa kufundisha hapa mjini. Jumatatu moja akaja mchuuzi wa samaki na salamu kutoka Mkwaja: bibi yako, mama wa mama yako, hali yake mbaya, na anamtaka mwanawe. Mama yako akavaa buibui lake akaja kusimama mlangoni mwa chumba nilimokuwa naandaa masomo. Hakulia. Aliniomba ruhusa tu, kama ilivyo desturi yetu kwamba mke hasafiri bila ruhusa ya mumewe. Na mimi Jumatano ile nilikuwa na mkaguzi wa shule. Nilikuwa nimewatangazia walimu wenzangu kwamba Mzungu atakula kwangu, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na hakuna aliyejua kupaka samaki kama mama yako.

Nikamwambia, "Subiri mpaka Alhamisi."

Akasema, "Mume wangu, mgonjwa hana Alhamisi."

Nikasema, "Nimeshasema."

Akavua buibui akalitundika. Jumatano akapika. Alipika vizuri kuliko siku zote, na hilo ndilo ninaloshindwa kulisahau. Mkaguzi akaja, akaketi ukingoni mwa kiti, akaomba maji ya moto, akasema tumbo lake haliko sawa, akaondoka kabla chai haijapoa. Chakula tulikigawa kwa majirani. Alhamisi alfajiri mama yako akakushika mkono mkapanda lori la Pangani. Mlipovuka mto mkakutana ng'ambo na watu wa Mkwaja, nao ndio waliompa pole. Bibi yako alikuwa amezikwa jana yake.

Hakurudi. Nilingoja arobaini ipite, nikangoja mwezi mwingine, kisha nikakasirika. Ndiyo, mimi ndiye niliyekasirika! Mtu mwenye kosa huwa na hasira za haraka, maana akipoa atalazimika kufikiri.

Mwaka ulipopita ukatimiza miaka saba, nami nikasimama kwenye haki yangu. Sheria inasema mtoto akifika umri huo baba anaweza kumchukua, basi nikaja kukuchukua. Sijui unakumbuka nini katika siku ile. Mimi nakumbuka kwamba alikusuka nywele asubuhi, akakutilia kwenye kikapu kidogo cha ukili vitumbua na gauni lako la pili, akatembea nasi mpaka kivukoni. Njia yote alikuwa akikuimbia na kukuuliza majina ya ndege. Nilitaka alie. Nilikuja nimejiandaa kwa kilio chake, nikiwa na maneno yangu tayari. Tulipofika majini akauchukua mkono wako akautia ndani ya wangu.

Akasema, "Mtoto ni wako kwa sheria. Nimekuachia. Nawe niachie."

Nikamjibu, "Rudi nyumbani kwanza."

Akasema, "Nikirudi nitakuwa nimerudi kwako. Mimi nataka kuachwa, Mwalimu."

Hakuniita mume wangu. Aliniita kama wanavyoniita watu wa sokoni. Nikapanda kivuko na wewe, na nilipogeuka alikuwa bado amesimama palepale, mikono yote miwili mitupu imening'inia. Mtu mwenye akili angeelewa pale pale maana ya kuachia. Mimi nilikuwa na cheti cha Kiingereza.

Basi nikamweka hivyo. Simwiti mke wangu kwa mambo ya nyumba, wala simpi talaka. Kila mwezi nilipeleka posho, hata alipokwenda kwa kadhi nikawa na la kujibu: yeye ndiye aliyetoka, mimi natimiza wajibu. Kadhi akasema neno la talaka liko mkononi mwa mume. Nikatoka pale kifua mbele, nikaja kufundisha vitenzi.

Na wewe nikakufanya tarishi. Kila likizo ulipokwenda Mkwaja nilikupa maneno yaleyale: mwambie mama yako mlango uko wazi. Na kila uliporudi, kabla hujala, ulisimama mbele yangu mikono nyuma, ukasema, "Mama anasema anataka karatasi yake." Ulikuwa na miaka minane, tisa, kumi. Ulikuwa unabeba mawe ya watu wazima huku na huku, na ukifika unauliza kama kuna vitumbua. Nisamehe kwa hilo kabla ya mengine yote.

Mjomba wako alikuja hapa mara moja. Wewe ulikuwa shuleni. Hakukubali kuketi.

"Shemeji," akasema, "sikuja kwa ugomvi. Kuna mtu kule kwetu anamtaka dada yangu. Ana shamba lake la minazi, mtu wa msikitini, mpole. Mwache dada yangu aolewe."

Nikasema, "Dada yako ana mume."

"Yuko wapi? Dada yangu si mke, si mjane, hakuachwa. Arusini akialikwa hajui akae na kina nani. Wallahi, shemeji, hata mbuzi akifungwa, mwenyewe huenda kumtazama."

Nikamfungulia mlango atoke. Yule mtu wa minazi alingoja miaka miwili, kisha akaoa kwingine. Hilo mama yako hakukwambia, nami ningeweza kufa nalo. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimekwisha kuzaa. Huna budi kumjua aliyekuzaa.

Utauliza, nilitaka nini? Nimejiuliza miaka kumi na moja. Nilikuwa nasema ni heshima. Nilikuwa nasema nampenda. Kupenda nilimpenda, na mpaka leo nikisikia harufu ya samaki wa kupaka kwenye nyumba ya mtu, hubadilisha njia. Lakini sikumshika kwa mapenzi. Nilimshika kwa sababu nikimwachia ningelazimika kukubali kwamba siku ile ya Jumatatu nilikosa. Maadamu hajaachwa, kesi haijaisha, na mimi sijashindwa. Maisha ya mtu mzima niliyatumia kuahirisha aibu yangu.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikae na kalamu hii.

Ile barua ya chuo, Mwantumu, haikuchelewa.

Ilifika siku tisa kabla ya ile siku niliyokuonyesha. Mpeleka barua alinipa mkononi, shuleni. Ndani kulikuwa na fomu ya kutiwa sahihi na mzazi, kwa Kiingereza, na katika mstari wa kwanza lilikuwamo neno letu: kwamba mimi, baba wa fulani, nina-release binti yangu aende chini ya uangalizi wa chuo. Nililisoma darasani wakati watoto wakinakili ubao. Nikaikunja fomu nikaitia ndani ya kamusi, na kamusi nikaifungia kwenye kabati.

Siku tisa ulikuwa ukinipokea mlangoni. "Shikamoo, Baba. Barua haijaja?" Nami nikasema haijaja. Siku ya nne nikasema labda posta wamekosea. Siku ya sita nikasema wanafunzi wa bara huenda ndio wanaopewa kwanza. Nilijisikia natunga sababu kwa ufundi uleule niliotumia kwa kadhi. Nilijiambia wewe bado mdogo. Nilijiambia shangazi yako anarudi kwake Moa mwezi huu, na nani atabaki katika nyumba hii? Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Naiogopa nyumba hii bila ya wewe. Naogopa kusikia kijiko changu mwenyewe kwenye sahani.

Siku ya tisa hukuuliza. Uliniwekea maji ya kunawa, ukasema, kwa sauti ya kunifariji mimi, "Kama haikuja, basi. Nitakaa nawe, Baba."

Na mimi nilifurahi.

Nataka ulijue hilo kama lilivyo. Furaha ilinijaa kifuani kama mtu aliyerudishiwa kitu chake, nikala chakula chote nikaomba tena. Kisha nikakutazama ukipangusa meza. Ulikuwa umetulia, mikono yako miwili imening'inia, umesimama vilevile alivyosimama mama yako ng'ambo ya mto. Hukulia. Ndipo nilipojiogopa. Nilikuwa karibu kufanya mara ya pili, na safari hii hapakuwa na mkaguzi wa kusingizia.

Asubuhi yake niliifungua kamusi nikatia sahihi. Jina langu likatoka kama la mtoto wa darasa la kwanza. Nikaipeleka fomu posta mwenyewe, nikakuletea barua nikasema imekuja leo. Ulinirukia shingoni ukanishukuru. Shukrani ile ilikuwa ya wizi, na leo nairudisha.

Ukinikasirikia una haki. Usiharakishe kunisamehe kwa sababu ni baba yako. Hasira yako iweke, itazame vizuri, na ikiisha iishe yenyewe.

Mawaidha sina mengi, kwa maana mtu aliyeanguka kisimani hawezi kujifanya mjuzi wa njia. Lakini utakuwa mwalimu, na siku moja mtoto atakuandikia sentensi ya kweli. Mpe tiki yake kwanza. Ikikuuma, kauguze jeraha lako nyumbani. Na atakapokuja mtu kutaka kukuoa, watu watakutazamia kazi yake na ukoo wake. Wewe mtazame anavyotoa ruhusa ndogondogo: anavyomwachia mgeni aende, anavyomjibu mdogo wake anayetaka kutoka. Mimi nilikuwa na kazi na ukoo.

Daftari lako la darasa la tano ninalo bado. Miaka sita nimelificha mahali nilipoificha fomu yako. Leo nimeitafuta ile sentensi, nikatia tiki juu ya ule mkato, nikaandika tarehe. Tiki iliyochelewa namna hii haisaidii kitu, najua. Nimelitia sandukuni mwako, chini ya zile kanga mbili.

Na jambo jingine. Jana baada ya adhuhuri niliandika talaka ya mama yako, mbele ya imamu wetu na jirani yetu fundi cherehani. Imamu aliniuliza mara mbili kama nina hakika, na mara zote mbili niliitikia kwa kichwa. Eda yake itapita na sitamrejea. Nilipomaliza kutia sahihi, jambo la kwanza lililonijia kichwani ni kwamba wewe una wiki tatu za likizo mwezi wa Desemba, na utakwenda Mkwaja, na ungeweza kuibeba.

Tazama tabia ilivyo na mizizi, mwanangu! Hapana. Safari hii sikutumi. Alhamisi, wewe ukiwa umeshafika bara, nitapanda lori mimi mwenyewe, nitavuka mto mimi mwenyewe, na nitampa mkononi. Nimechagua Alhamisi kwa kuwa ndiyo siku niliyomwambia asubiri. Akinikaribisha maji nitakunywa. Asiponikaribisha nitarudi na kivuko hichohicho. Sijui kama ataniambia neno. Kwenda mpaka nyumbani kwake na kurudi bila neno nimekubali, maana hata hilo ni kidogo kwa miaka kumi na moja.

Nasikia kicheko chako kwa jirani wa mkono wa kulia, kwa hiyo mmebakisha vibaraza viwili. Nitaifunga barua hii na kuitia chini ya vitumbua vya njia, ili usiione mpaka gari la moshi liwe limeshapita Muheza. Hilo si hila, au kama ni hila ni ya mwisho: naogopa uso wako ukiisoma, naogopa zaidi usije ukanihurumia ukashuka.

Radhi zangu unazo zote, hazina sharti. Kurudi usirudi kwa sababu niko peke yangu. Rudi siku unayotaka, na siku unayotaka kuondoka, ondoka.

Kesho stesheni nitakupa mkono kupitia dirishani. Utakapokuwa unasoma hapa, hayo yatakuwa yamekwisha kupita, nawe utajua nilivyofanya. Ndiyo maana asubuhi, kabla hatujatoka nyumbani, nitakwambia kwa mdomo neno moja, na utashangaa kwa nini nimelisema, na sasa hivi umelielewa: gari likianza kwenda na ukaona bado nimekushika, vuta mkono wako, mwanangu. Vuta kwa nguvu, wala usinionee haya.

Baba yako